Nusu saa na mti mmoja: zoezi la kutulia Arboretum

Watu ninaowaongoza huja wakidhani tutazunguka na kuona mengi. La. Tunakaa chini ya mti mmoja kwa nusu saa, na wiki ijayo tunarudi kwenye mti uleule. Napendelea Arboretum, bustani ya miti ya Nairobi, kwa sababu ukitoka katikati ya jiji unafika bila kuchoka. Msitu wa Karura ni mzuri, lakini una zaidi ya hekta 1,000 na njia zake zinakuita utembee. Leo hatutembei.

Hatua ya 1: Malizana na simu langoni. Lipa, jibu ujumbe wa mwisho, kisha izime. Usiiweke kimya tu, izime. Maji yabebe kwenye chupa ya kudumu, maana tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku misituni na mbugani. Chakula acha nyumbani. Kima wa pale wamezoea watu kupita kiasi, na karatasi ya mandazi ikichakarika tu, zoezi limekwisha. Kama uko peke yako, nenda asubuhi na ukae panapoonekana kutoka njiani.

Hatua ya 2: Chagua mti. Si lazima uwe mzuri. Uwe na kivuli na mahali pakavu pa kukalia, basi.

Hatua ya 3: Sikiliza kwa dakika kumi. Fumba macho. Anza na sauti ya mbali kabisa: honi, pikipiki, pengine watu wanaoomba kwa sauti chini ya miti, kwani bustani hii ni kanisa la wengi. Wageni wangu hukasirika hapa, walitaka kimya. Usishindane na kelele. Livute sikio polepole hadi karibu: matawi ya juu, mdudu kwenye nyasi, pumzi yako. Akili itatorokea kwenye kodi ya nyumba. Ukigundua imetoroka, rudi kwenye sauti iliyo karibu nawe zaidi.

Hatua ya 4: Gusa na utazame, bila kutaja majina. Hapa ndipo wasomi hunisumbua. Wanataka kujua huu ni mti gani na yule ni ndege gani. Bustani ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ya kigeni ambayo ingetoa kuni za treni za mvuke, kwa hiyo majina yapo tele, na ukiyapenda, shirika la uhifadhi la Nature Kenya lina matembezi yake ya kutazama ndege. Lakini si sasa. Mwaka 2017 Ryan Lumber, Miles Richardson na David Sheffield wa Chuo Kikuu cha Derby, Uingereza, walieleza njia tano zinazomsogeza mtu karibu na viumbe: kugusana navyo kwa hisi, hisia za moyoni, uzuri, maana na huruma. Kuwa na maarifa peke yake hakukuwa mojawapo. Nami naliona kila wiki: mwenye programu ya kutambua mimea huondoka na orodha, aliyepapasa gome huondoka akiuliza kama atapata nafasi Jumamosi ijayo.

Kwa hiyo weka kiganja kwenye gome. Wapi pana joto, wapi pana unyevu? Fuata siafu mmoja kwa macho hadi umpoteze. Kuhusu maana, usiilazimishe. Nyanya aliyekukataza kukata mugumo, mti mtakatifu kwa Wakikuyu, hakuwa akikufundisha botania, na pengine mti wako nao una habari zake kwako. Kama hauna, sawa.

Hatua ya 5: Ufanyie mti jambo dogo. Okota kifuniko cha soda kilicho shinani, au mimina maji yaliyobaki kwenye mche. Usipige picha.

Aprili beba mwavuli na kitu cha kukalia, Julai, sweta. Wiki ukibanwa na kazi, fanya hatua ya tatu kwa dakika tano chini ya jakaranda iliyo karibu na stejini. Macho fumbua, na begi likae mbele.