Namna ya Kupima Tofauti ya Maada na Antimaada kwa Hesabu ya Kwaki

Anza na chaji. Kwaki, chembe ndogo zinazounda protoni na nyutroni, ni za aina 6, na wanafizikia huziandika kwa herufi: u, c na t zina chaji ya +2/3, ilhali d, s na b zina −1/3. Antikwaki ya kila aina, yaani pacha wake wa antimaada, ina masi ileile lakini chaji iliyo kinyume. Barioni ni chembe yenye kwaki tatu; ipe kila kwaki namba ya barioni ya 1/3, na kila antikwaki −1/3, kisha jumlisha: protoni, yaani uud, inapata chaji ya +1 na namba ya barioni ya 1.

Sasa chukua barioni ya Lambda-b, yenye kwaki u, d na b, ambayo jaribio la LHCb huichunguza huko CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyo karibu na Geneva, ambako protoni hugonganishwa. Chaji yake ni 0, kwa hiyo chaji peke yake haiwezi kuitofautisha na pacha wake wa antimaada. Tazama inavyovunjika: mara nyingine hutoa protoni, kaoni hasi, pioni chanya na pioni hasi (kaoni na pioni ni chembe za kwaki moja na antikwaki moja). Ukiona antiprotoni mahali pa protoni, jua kwamba iliyovunjika ni ya upande wa antimaada.

Hesabu matukio ya kila upande, toa idadi ya upande wa antimaada katika ile ya upande wa maada, kisha gawa kwa jumla ya zote mbili. Matukio 5,100 dhidi ya 4,900, kwa mfano, yanatoa 2%.

Kazi ngumu huja baada ya hapo, kwa kuwa tofauti hiyo inaweza kuwa ya uongo. Protoni zinazogongana ni maada, hivyo pande mbili hazizalishwi kwa usawa. Na kifaa chenyewe, kwa kuwa nacho ni maada, hunyonya kaoni hasi zaidi kuliko kaoni chanya. Ili kuondoa tofauti hizo za uongo, LHCb hugeuza mwelekeo wa sumaku yake mara kwa mara, tena hulinganisha na mvunjiko mwingine ambao hautarajiwi kuonyesha tofauti yoyote.

Kisha kadiria kosa la takwimu, yaani mtikisiko wa bahati tu katika hesabu: 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha jumla. Kwa matukio 80,000 ni takriban 0.35%. Matokeo ya LHCb ya mwaka 2025 yalikuwa 2.45%, yakiwa na kosa la takwimu la 0.46%, ambalo ni kubwa kuliko kadirio letu kwa sababu matukio yasiyohusika huchanganyika na yanayotafutwa, na kosa la vifaa na mbinu la 0.10%. Unganisha makosa hayo kwa miraba (jumlisha miraba yao, kisha tafuta kipeuo cha pili) upate 0.47%; tofauti hiyo ni mara 5.2 yake, na wanafizikia hudai angalau mara 5 kabla ya kutangaza ugunduzi.

Hata hivyo, usiichukue 2.45% kuwa ndiyo ziada ya maada ulimwenguni. Jumlisha tena: kabla ya mvunjiko namba ya barioni ni 1, na baada yake ni 1 vilevile. Ili ziada ipatikane, kama mwanafizikia Andrei Sakharov alivyoonyesha mwaka 1967, lazima pia kuwe na mchakato unaoibadilisha namba hiyo, tena nje ya msawazo wa joto, yaani wakati mchakato huo na kinyume chake havilingani.