Somo: Simu ya bibi mikononi mwa mjukuu

Wajukuu wengi hawana simu zao, wanashika ya bibi au babu. Basi ukitaka kumlinda mjukuu mtandaoni, anza na simu yako. Maelezo haya ni ya Android.

Hatua ya 1: pesa. Macho yamechoka, kwa hiyo mjukuu ndiye anayekusomea meseji na kukubonyezea namba ya siri ya M-Pesa. Tapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" akimkuta yeye ndiye mwenye simu, kazi imekwisha. Badilisha namba ya siri leo, ubonyeze mwenyewe. Huoni? Kuza maandishi kwenye Mipangilio, sehemu ya Skrini.

Hatua ya 2: katuni. Pakua YouTube Kids, weka umri wa mtoto, zima utafutaji. Kisha nenda Mipangilio, Usalama, washa kubandika programu (kuifungia simu kwenye programu moja tu) pamoja na sharti la nywila. Ukishaibandika YouTube Kids, mtoto hatoki hapo kwenda WhatsApp bila wewe. Wengi hawaijui hii, na kwangu inashinda zote.

Hatua ya 3: magrupu. WhatsApp, Mipangilio, Faragha, Vikundi: waruhusu waliomo kwenye simu yako tu kukuunganisha.

Hatua ya 4: maneno. Mwambie: "Mtu akikuomba picha, au akisema usimwambie bibi, niletee simu hapo hapo. Sikuchapi." Na kweli usimchape, maana ya pili hutaambiwa.

Maswali ya wanachama

*Mwanangu, mjukuu wangu wa miaka 11 yuko TikTok. Niiondoe?*
Shikamoo bibi. TikTok wenyewe wanataka miaka 13, kwa hiyo alidanganya umri. Kaeni pamoja afute akaunti yenyewe. Ukiondoa programu tu, video zake zinabaki kule.

*Kuna mtu amemtumia mjukuu wangu picha chafu. Nifute?*
Hapana, babu, huo ni ushahidi. Usimrushie mtu yeyote, hata wazazi wake. Waonyeshe kwenye simu hiyo hiyo. Piga 116, ni bure Tanzania na Kenya, kisha peleka simu polisi, dawati la jinsia na watoto.

*Mama yake yuko Muscat, anataka niweke picha za mtoto Facebook azione.*
Mtumie yeye mwenyewe WhatsApp. Sare ya shule kwenye Facebook inamwambia kila mpita njia mtoto anasoma wapi.