SOMO: Chai ya barafu kwa joto la jua

Wadau, salaam. Kila msimu wa joto naulizwa jambo hili hili, inbox na kwenye nyuzi za watu wengine. Naliandika hapa mara moja. Wamarekani wengi huiandaa hivi wakati wa kiangazi: jagi kibarazani, jua linafanya kazi ya jiko.

1. Tafuta mtungi wa kioo wa lita 2 wenye kifuniko. Wenye bomba uache, bomba halisafishiki vizuri ndani.

2. Osha kwa sabuni na maji ya moto.

3. Jaza maji yaliyochemshwa yakapoa.

4. Majani ya chai vijiko vidogo 4. Chai yetu nyingi, ya Kericho au Mufindi, ni ya punje ndogo na hutoa rangi upesi. Ukifuata vipimo vya majani makubwa utakunywa uchungu.

5. Funika, anika juani kwa muda wa saa 2 au 3. Zikizidi 4, mwaga.

Hatua hii ndiyo inayoharibiwa na wengi. Maji ya juani hufika kama nyuzi joto 54 za Selsiasi tu, na joto hilo haliui bakteria, wengine hulifurahia. Anayetajwa zaidi ni Alcaligenes viscolactis, anayeifanya chai ivutike kama mlenda. Ukiona utelezi au nyuzinyuzi, mwaga yote, usionje. Na isipovutika usidhani imesalimika, maana wadudu wengine hawaonyeshi dalili yoyote. Sukari isiingie mtungini sasa. Nyumba yenye mtoto mchanga, mjamzito au mgonjwa, acheni jua kabisa, tumieni friji (nimeeleza kwenye maswali hapo chini).

6. Chuja, ingiza kwenye friji papo hapo, inywe siku hiyo hiyo.

MASWALI

Msafiri: Mkuu, naweza kuianika asubuhi nikaitoa jioni nikirudi kazini?
— Hapana. Hatua ya 5.

Msafiri: Mbona mimi hufanya hivyo na sijawahi kuumwa?
— Umesalimika, hujathibitisha kitu. Kuna watoto watakaonywea mtungi huo. Muda wa saa 4 ndiyo mwisho.

Kungumanga: Tulifundishwa kuanika maji kwenye chupa za plastiki ili yawe salama. Kwa nini jua liue wadudu kule na hapa lisiue?
— Swali zuri sana, asante. Kule kazi hufanywa hasa na mionzi ya urujuanimno (miale ya jua isiyoonekana kwa macho), siyo joto peke yake: chupa angavu isiyozidi lita 2, maji yasiyo na tope, saa 6 za jua kali. Majani yakishatoa rangi, rangi hiyo huzuia mionzi, na kioo kinene cha mtungi huzuia sehemu yake pia. Ndiyo maana nasisitiza maji yachemshwe kwanza.

Mtoto wa Pwani: Sukari naweka lini?
— Mwishoni, kama shira. Sukari kikombe 1, maji kikombe 1, chemsha mpaka iyeyuke, poza. Sukari kavu kwenye chai baridi hutuama chini.

Kungumanga: Na hiyo ya friji inakuwaje?
— Vipimo vile vile, maji baridi, kwa muda wa saa 8 hadi 12 ndani ya friji. Kusema kweli mimi ndiyo naipenda zaidi: haina uchungu, na haipati ukungu (kupoteza ung'avu, siyo kuvu). Chai iliyochemshwa ikipozwa haraka huwa na ukungu kwa sababu kafeini na tanini (kile kinachoipa chai ukakasi) hushikana. Ikikutokea, ongeza maji ya moto kidogo, itang'aa tena.

Mama Ukwaju: Naweza kutumia mchaichai badala ya majani?
— Juani usijaribu, dada. Majani ya chai yana kafeini inayowazuia bakteria kidogo, mchaichai hauna. Uchemshe jikoni pamoja na tangawizi, upoze, utie ndimu.

Mama Ukwaju: Mimi hugandisha ndimu na nanaa kwenye vibakuli vya barafu.
— Naichukua hiyo. Gandisha na chai yenyewe pia, barafu ikiyeyuka glasi haichujuki.