Kiti cha bei mbaya: kulinda nauli ya daraja la biashara kwenye safari ya kuunganisha ndege

Anayetoka Dar es Salaam au Nairobi kwenda Ulaya kwa daraja la biashara hukabidhiwa tiketi moja yenye ndege mbili, na mara nyingi ni bidhaa mbili zenye jina moja. Ndege ndefu ya usiku ina kiti kinacholala. Ile fupi ya Amsterdam hadi Hamburg, au Frankfurt hadi Vienna, kwa mashirika mengi makubwa ya Ulaya ina viti vilevile vya abiria wa kawaida. Cha katikati huachwa wazi na chakula huja kwenye sahani. Hujaibiwa, ndivyo kinavyouzwa. Pima nauli kwa saa utakazolala, usiipime kwa idadi ya ndege.

Kabla ya kulipa

Mwambie wakala akuoneshe mambo matatu kwa kila ndege: shirika litakaloirusha hasa (huenda si lile lenye namba kwenye tiketi), aina ya ndege, na herufi ya nauli. Kwa mashirika mengi J, C, D, I na Z ni daraja la biashara. Ukikuta J kwenye kipande kimoja na Y au M kwenye kingine, umeuziwa tiketi ya mchanganyiko, na pengine ndiyo sababu ilikuwa rahisi kuliko zote.

Kisha fungua ramani ya viti. Tovuti ya AeroLOPA huzichora kwa undani, hadi madirisha yanayokosekana. Mpangilio wa 1-2-1 (kiti kimoja kila dirishani, viwili katikati) humpa kila abiria njia yake. Kwenye 2-2-2, wa dirishani akitaka kwenda msalani usiku huvuka miguu ya jirani. Boeing 777 za zamani bado zipo zenye 2-3-2, na kiti cha katikati hakiachi kuwa cha katikati kwa sababu umekilipia dola elfu tatu. Mstari wa kwanza mara nyingi una nafasi kubwa zaidi ya miguu, lakini ukutani hapo ndipo hufungwa vitanda vya watoto wachanga. Mstari unaopakana na jiko utakupa kelele za vyombo na mwanga wa pazia usiku kucha.

Soma pia masharti ya nauli za chini. Baadhi ya mashirika huuza daraja la biashara lisilo na launji (ukumbi wa kupumzikia uwanjani) wala haki ya kuchagua kiti mapema. Na ukishachagua, rudi kuangalia siku 30, siku 7 na saa 24 kabla ya safari: shirika likibadilisha ndege, mfumo hukupangia kiti kingine, na taarifa si lazima ikufikie.

Dakika 70 si dakika 70

Mfumo wa tiketi hukubali muunganisho wowote usiopungua muda wa chini uliowekwa kwa uwanja husika. Muda huo hukadiriwa kwa siku isiyo na hitilafu. Fanya hesabu mwenyewe: dakika 70 za kwenye tiketi, toa 20 kwa kuwa geti hufungwa mapema, toa 10 za mlango kufunguliwa na watu kushuka, toa 15 za foleni ya ukaguzi. Umebaki na 25 za kutembea, na hapo ndege haijachelewa hata kidogo. Ikiegeshwa mbali na jengo mkasubiri basi, hizo 25 nazo huliwa. Kiti cha mbele kinakuokolea dakika tano hivi, foleni ya ukaguzi haijui ulikaa wapi.

Doha, Dubai, Addis Ababa na Istanbul hufanya kazi kwa mawimbi: ndege nyingi hutua karibu kwa pamoja ili ziondoke karibu kwa pamoja, kwa hiyo foleni ni ndefu saa ileile unayokimbia. Dubai, hakikisha ndege zote mbili zinatumia Terminal 3. Terminal 2 iko upande mwingine wa uwanja na huendewa kwa basi. Maji na manukato ya zaidi ya mililita 100 mara nyingi hutupwa kwenye ukaguzi wa uwanja wa kati, isipokuwa yaliyonunuliwa madukani baada ya ukaguzi kwenye uwanja ulikotoka na kufungwa kwenye mfuko wenye lakiri.

Saa mbili zinatosha sehemu nyingi. Ukiingia Marekani weka tatu, kwa sababu kwa kawaida uwanja wa kwanza wa Marekani ndipo unapopita uhamiaji, unachukua begi kwenye mkanda na kulikabidhi upya, hata kama unaendelea mbele. Viza unaihitaji hata kwa kupita tu.

Kuna swali ambalo wasafiri wachache huuliza: shirika lina ndege ngapi kwa siku kutoka uwanja wa kati hadi uendako? Ikiwa ni moja, kuikosa maana yake ni saa 24. Muunganisho wa dakika 75 wenye ndege nyingine saa tatu baadaye ni salama kuliko wa dakika 90 usio na mbadala.

Safari nzima iwe kwenye namba moja ya tiketi. Ukinunua mbili tofauti, ndege ya kwanza ikichelewa shirika la pili linakuhesabu hukutokea. Kaunta, soma lebo ya begi kabla halijaondoka: iandikwe uwanja wa mwisho, mfano HAM (Hamburg), wala isiishie AMS (Amsterdam).

Ukishushwa daraja

Hutokea ndege inapobadilishwa kwa ndogo zaidi, kiti kinapoharibika, au viti vinapouzwa kupita idadi. Usiseme "sawa" haraka. Uliza kwanza ndege inayofuata yenye nafasi katika daraja ulilolipia. Ukiamua kupanda, piga picha hati ya kupandia ya zamani kabla hawajaichukua, tunza mpya, na omba barua au ujumbe unaosema umeshushwa bila hiari yako. Ukijitolea, unapata mlichokubaliana tu.

Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya inataka urejeshewe ndani ya siku saba asilimia 75 ya bei ya ndege hiyo ikiwa ni ya zaidi ya kilomita 3,500 inayoingia au kutoka Umoja huo. Kipande kilichogharimu yuro 1,200 kinarudisha yuro 900. Mwaka 2016 Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilifafanua kwamba hesabu ni ya bei ya kipande ulichoshushwa, si ya tiketi nzima, na kodi zisizotegemea daraja huondolewa. Shirika likikupa "tofauti ya nauli" badala yake, kuwa macho: hulinganisha na bei ya daraja la kawaida ya siku ya safari, ambayo ni kubwa, na tofauti hubaki kiduchu. Vocha ni hiari yako. Ukiitia sahihi umeikubali.

Mwelekeo wa safari ndio unaoamua. Kutoka uwanja wa Umoja wa Ulaya, kanuni inabana shirika lolote. Kutoka Dar kwenda Umoja wa Ulaya inabana mashirika ya Umoja huo peke yake. Kwa hiyo Amsterdam–Doha–Dar kwenye tiketi moja imo, hata ukikwama Doha. Ukifika umechelewa saa nne au zaidi kwa sababu isiyo ya dharura unadai yuro 600. Dar–Doha–Amsterdam kwa shirika la Ghuba haimo. Hitilafu ya mitambo kwa kawaida haihesabiwi dharura. Hali mbaya ya hewa huhesabiwa.

Kiti kibovu si kushushwa daraja, na hakina kiwango maalumu cha fidia. Mwite mhudumu mapema: wengi wanaweza kuzima na kuwasha umeme wa kiti, au kukilaza kwa mkono. Ikishindikana omba kuhamishwa, piga video, na mkuu wa wahudumu aandike kwenye kumbukumbu za ndege kabla hamjatua. Fidia mara nyingi huja kwa maili, yaani pointi za shirika; omba fedha.

Begi lisipofika

Usitoke kwenye ukumbi wa mizigo bila ripoti yenye namba. Nunua vya lazima, tunza risiti, na dai kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu ulipopokea begi. Kwa begi lililoharibika ni siku 7. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya na Tanzania zimo, unaweka kikomo cha fidia cha SDR 1,519 (kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF) kwa abiria tangu tarehe 28 Desemba 2024, takribani dola 2,000, na wa mbele hapati zaidi ya wa nyuma. Begi lisipopatikana kwa siku 21 hudaiwa kama lililopotea.

Barua ya madai iwe ya ukurasa mmoja: namba ya tiketi ya tarakimu 13, namba na tarehe ya ndege, kilichotokea kwa mistari mitatu, kifungu cha kanuni au mkataba unaoutegemea, kiasi, akaunti ya benki. Malalamiko ya chakula yaandikie barua nyingine, maana wahudumu wa madai hupenda kujibu lililo rahisi.