Hita ya tangi au ya papo kwa papo? Pima maji na umeme wako kwanza

Kabla ya kwenda dukani, ingia bafuni na ndoo ya lita 10, saa na kipimajoto. Fungua shawa kadiri unavyopenda maji yatoke unapooga, kisha hesabu ndoo inajaa kwa muda gani. Ikijaa kwa dakika mbili, una lita 5 kwa dakika. Pima na joto la maji yenyewe saa kumi na mbili asubuhi, ikiwezekana mwezi wa sita au wa saba, maana hita inayotosha mwezi wa pili inaweza kukuacha ukitetemeka msimu wa baridi.

Maji ya kuoga yanayowafaa wengi ni ya nyuzi 40. Toa joto la maji ya bomba kwenye 40, zidisha kwa lita za dakika moja, kisha zidisha kwa 0.07. Jibu ndilo kilowati unazohitaji kwa hita ya papo kwa papo, ile inayopasha maji yakiwa yanapita. Maji ya nyuzi 20 yakitoka lita 5 kwa dakika yanadai kilowati 7. Hita ya kilowati 5.5 itakupa chini kidogo ya lita 4 tu. Maji ya Dar es Salaam yakiwa na nyuzi 27, hita hiyohiyo inatoa zaidi ya lita 6, shawa nzuri kabisa. Kwenye maji ya nyuzi 15, kama ya asubuhi za baridi nyanda za juu, inashuka hadi lita 3, na mtu mwenye nywele nyingi atasuuza sabuni mpaka achoke. Hita haijaharibika hapo. Nguvu yake ndiyo imefika mwisho.

Kwa hiyo pwani, hita ya papo kwa papo inatosha nyumba nyingi. Kwenye baridi, au nyumba yenye mabafu mawili yanayotumika kwa wakati mmoja, tangi linastahili gharama yake. Hata wanaooga kwa ndoo wafikirie tangi: kujaza ndoo ya lita 20 kwa lita 4 za dakika ni kusubiri dakika tano kwa kila mtu.

Kuhusu umeme, kuna dhana kwamba hita ya papo kwa papo inakula uniti kidogo sana. Kupasha lita 30 kutoka nyuzi 20 hadi 40 ni uniti 0.7, uwe umetumia hita ipi. Watu watano wakioga hivyo kila siku, ni uniti 105 kwa mwezi. Aliye kwenye tarifu nafuu ya wanaotumia hadi uniti 75 kwa mwezi ajue mapema kwamba ataivuka. Tofauti ya kweli ni joto linalopotea tangi likiachwa linawaka mchana kutwa bila mtu kuoga, na dawa yake ni swichi. Tangi la lita 50 lenye koili ya kilowati 1.5 linafikisha nyuzi 60 kwa saa moja na nusu hivi, na la lita 80 lenye koili ya kilowati 3 kwa saa moja na robo. Washa kabla ya kuoga, zima ukimaliza. Lita 80 za nyuzi 60 zikichanganywa na maji ya baridi ya nyuzi 20 zinakupa lita 160 za kuoga, yaani watu watano bila kugombana.

Thamostati, yaani kidhibiti joto cha tangi, iache kwenye 60. Chini ya hapo bakteria wanaweza kuzaliana ndani ya tangi. Lakini maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi kwa sekunde chache, kwa hiyo weka miksa, bomba linalochanganya maji ya moto na ya baridi, na mtoto asiachwe afungue bomba la moto peke yake.

Waya ndipo nyumba nyingi zinapoharibikiwa. Kilowati 5.5 kwenye volti 230 ni ampea 24. Hiyo inahitaji laini yake yenyewe kutoka kwenye meni swichi: waya wa milimita za mraba 6, breka ya ampea 32, na swichi ya kukata nyaya zote mbili iliyo nje ya bafu. Fundi akiunga kwenye laini ya soketi ya milimita 2.5, waya utapata moto ukutani na viungio vitaanza kuyeyuka. Harufu ya plastiki inayoungua karibu na swichi ndiyo dalili ya kwanza. Zima siku hiyohiyo. Tangi la kilowati 3 linachukua ampea 13, hivyo waya wa 2.5 kwenye laini ya peke yake unatosha.

Waya wa ethi hauna mjadala. Hita za aina zote mbili ziwe na ethi inayofika ardhini kweli, pamoja na breka ya kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30. Anayehisi kutekenywa anapogusa bomba la shawa asizoee: umeme tayari unavuja.

Maji ya kisima cha chumvi yanaongeza hatari hiyo, kwa sababu yanapitisha umeme vizuri. Hita nyingi za papo kwa papo zina koili iliyo wazi ndani ya maji. Kwenye chumvi koili hiyo inaliwa haraka na umeme unavuja, mpaka breka inaruka kila ukioga. Baadhi ya mafundi wanaiondoa breka ili mteja asilalamike. Usikubali. Nunua hita iliyoandikwa kuwa ni ya maji ya chumvi, yenye koili iliyofunikwa. Kwa tangi, fungua fimbo ya magnesiamu, inayoliwa na kutu badala ya tangi, uikague kila mwaka. Ikibaki nyembamba kama penseli, badilisha, la sivyo kutu itahamia kwenye tangi lenyewe.

Tangi la lita 80 likijaa linapita kilo 100. Lining'inizwe kwenye ukuta wa tofali imara, kamwe si wa jipsamu, na liwe karibu na bafu ili usimwage maji mengi ukisubiri ya moto yafike.

Hita yoyote mpya ijazwe maji kabla ya kuwashwa. Kwa tangi, fungua bomba la moto mpaka maji yatoke mfululizo bila kukohoa hewa. Kwa shawa, pitisha maji ya baridi dakika moja umeme ukiwa umezimwa. Koili ikiwaka pakavu, inakufa siku ya kwanza.

Mwisho, valvu ya usalama ya tangi. Lita 80 zikitoka nyuzi 20 hadi 60 zinatanuka kwa lita moja na zaidi, na maji hayo hutoka kwa matone kwenye valvu wakati tangi linapasha. Ni kazi yake. Iwekee kibomba cha kupeleka matone kwenye mfereji, na inua kishikio chake mara moja kwa mwezi uone maji yanatoka. Valvu iliyozibwa kwa kizibo ili sakafu isilowe, thamostati nayo ikigoma kuzima, inaweza kulipua tangi.