Picha ya zamani ya mnara wa vita: kuinakili na kuikadiria umri

Huku Iringa na Mbeya picha hizi hutoka kwenye masanduku ya wazee zikiwa na masizi ya jikoni, au zimegandia kioo cha fremu baada ya masika kadhaa. Iliyoganda usiibandue, inakili pamoja na kioo chake.

1. Vumbi. Nawa mikono, ikauke kabisa, kisha ishike picha kwa kingo. Tumia brashi laini kavu, kutoka katikati kwenda nje. Maji hapana, na mate usithubutu kabisa! Uso wa nyingi ya picha hizi ni jelatini: ukilowa unalainika na kutoka na kitambaa.

2. Anza na mgongo. Muhuri wa studio, mwandiko wa penseli, mistari ya postikadi: vyote vinakili kabla ya uso.

3. Skana. Iwe ya kulaza. Ile inayovuta karatasi itaikwangua au kuivunja. Weka nukta 600 kwa inchi. Picha ya sentimita 9 kwa 14 itakupa takriban pikseli 2,100 kwa 3,300. Maandishi ya jiwe yakiwa madogo, panda hadi 1,200. Ukizidisha hapo, mara nyingi unakuza chembe za picha tu. Chagua rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, kwa sababu doa la manjano huonekana sana kwenye chaneli ya bluu (moja ya tabaka tatu za rangi za faili: nyekundu, kijani na bluu) na hufifia kwenye nyekundu, kwa hiyo jina lililofunikwa na doa lisome kwenye nyekundu. Zima uondoaji vumbi wa programu, maana nukta na herufi ndogo nazo huzifuta. Hifadhi kama TIFF, faili isiyopunguza ubora; JPEG, iliyobanwa, iwe ya kutuma WhatsApp.

Huna skana? Ilaze karibu na dirisha lisilopigwa na jua, simu iwe sambamba nayo, flashi imezimwa. Sehemu nyeusi zikimeta kama bati, hiyo ni madini ya fedha yaliyomo kwenye picha, yamepanda juu. Izungushe picha taratibu mpaka mng'ao uhame.

4. Mwaka. Hapa ndipo wengi huteleza. Mwaka uliochongwa ni wa vita, si wa mnara, sembuse wa picha. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam ni ya vita vya 1914–1918, lakini ilisimamishwa 1927. Mnara wa Lugalo, kando ya barabara kuu ya Iringa–Morogoro, ni wa mapigano ya 17 Agosti 1891, Wahehe walipokiangusha kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski. Mwaka wa jiwe unakuambia tu kwamba picha haiwezi kuwa ya kabla yake. Mengine yatafute pembeni: gari, nguzo za umeme, mabati, mavazi.

Kisha nenda na nakala hadi mnara ulipo, utafute mpiga picha aliposimama. Sogea mpaka ukingo wa mnara ukutane na kilima kilekile cha nyuma kama kwenye picha. Miti usiiamini, hukatwa na kupandwa upya.

5. Kuhifadhi. Bahasha ya karatasi nyeupe, si ya kaki wala nailoni. Maelezo yaandike kwa penseli juu ya bahasha, kabla picha haijaingia. Na usiilamineti: plastiki ikishayeyukia juu yake, haitoki tena.