Namna ya kudhibiti vumbi la ziwa la chumvi lililokauka kwa kutumia maji machache

Ziwa Owens, lililoko mashariki mwa California chini ya milima ya Sierra Nevada, lilikuwa na eneo la takriban kilomita za mraba 280 kabla jiji la Los Angeles halijakamilisha mfereji wake mwaka 1913 na kuuchepusha mto uliokuwa ukililisha. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 ziwa lilikuwa limekauka, na kwa miongo mingi sakafu yake ikawa chanzo kikubwa kuliko vyote nchini Marekani cha vumbi jembamba, yaani lile lenye chembe zisizozidi mikromita 10, ambalo hupita puani na kooni hadi ndani ya mapafu. Jiji lililazimika kurudisha maji juu ya sakafu hiyo kuanzia mwaka 2001, na gharama ya kazi nzima imekwisha kupita dola bilioni 2. Yaliyojulikana huko yanamfaa yeyote mwenye jukumu la aina hiyo, na kubwa kuliko yote ni hili: maji yawekwe mahali ambapo njia nyingine haiwezekani, yasiwe jibu la kwanza kwa kila eneo linalotoa vumbi.

Kazi huanza kwa kuijua sakafu yenyewe. Chumvi za Owens ni mchanganyiko wa chumvi ya kawaida, kaboneti ya sodiamu na salfeti ya sodiamu, na msomaji anayeyafahamu magadi yanayochimbwa katika Ziwa Magadi nchini Kenya anaijua tayari sehemu ya mchanganyiko huo. Wakati wa joto, maji yanayopanda kutoka chini huacha ganda gumu ambalo upepo hauliwezi. Baridi inapoingia na mvua kidogo kunyesha, baadhi ya chumvi hizo hushika maji ndani ya fuwele zake na kuvimba, kisha hewa kavu ikiyanyonya tena, fuwele huvunjika na ganda lote hulegea. Mahali palipobeba uzito wa gari mwezi Agosti, mguu huzama Februari kama umekanyaga unga. Kwa hiyo anayepima eneo wakati wa kiangazi pekee ataliandika kuwa salama, na dhoruba za majira ya kuchipua zitamsuta.

Hata hivyo, ganda lililolegea peke yake halitoi vumbi jingi mpaka mchanga uanze kutembea. Chembe za mchanga ni nzito mno kupaa, kwa hiyo huruka na kuanguka karibu na ardhi, na kila inapoanguka huligonga ganda na kurusha vumbi lililo jembamba zaidi, ambalo sasa huchukuliwa na upepo hadi mbali. Ndiyo sababu wapimaji wa Owens hawaishii kupima vumbi hewani. Hufukia ardhini mirija ya kunasa mchanga, yenye mdomo ulio sentimita 15 juu ya ardhi, na kando yake huweka kifaa cha umeme kinachohesabu chembe zinazokigonga. Baada ya kila dhoruba mchanga ulionaswa hupimwa uzito, na ramani ya uzito huo ndiyo inayoonyesha kipande kipi kinahitaji kushughulikiwa. Nashauri ramani hii ichorwe kwa msimu mzima kabla ya kununua hata bomba moja, kwa sababu bila ramani hiyo maji mengi huishia mahali ambapo hayakuhitajika. Vipande vyenye ganda imara visiguswe, na magari yazuiwe kupita juu yake.

Pale penye udongo wa mfinyanzi, jaribu kwanza kulima matuta, kwa kuwa ndiyo njia inayotumia maji kidogo sana na ambayo naiona haijathaminiwa inavyostahili. Udongo uloweshwe kiasi cha kuinuka mabonge makubwa nyuma ya jembe, ila usilowe hadi trekta likwame. Ukilimwa ukiwa mkavu husagika, na hapo unakuwa umetengeneza vumbi badala ya kulizuia. Matuta yakatize uelekeo wa upepo. Bonde la Owens limebanwa na milima pande mbili, hivyo pepo kali huvuma zaidi kutoka kaskazini au kusini, na mistari hupangwa kwa kufuata hali hiyo. Nafasi kati ya tuta na tuta isizidi mara 10 ya urefu wa tuta kwenda juu: tuta la sentimita 40 linahitaji jirani yake ndani ya mita 4. Mchanga unaoruka hudondokea kwenye mfereji ulio kati ya matuta na kubaki humo, huku mabonge yakikinga ardhi iliyo nyuma yake. Katika udongo wa kichanga njia hii haifai, kwani matuta huporomoka mapema.

Matuta hushuka kwa mvua na upepo, na kazi ya kuyasimamia haiishi. Urefu wake upimwe mara kwa mara, na uso wake ujaribiwe. Owens hutumia helikopta ndogo isiyo na rubani: hushushwa polepole hadi upepo wa mapanga yake uipige ardhi, na mtazamaji huangalia chembe za kwanza zitaanza kusogea ikiwa katika kimo gani. Zikisogea ikiwa bado juu, kipande hicho kimedhoofika na kinapaswa kulimwa upya. Mabomba ya maji hayang'olewi baada ya kulima. Hubaki tayari ili eneo lifurikishwe iwapo matuta yatashindwa kabisa.

Changarawe haihitaji maji kabisa. Tabaka la sentimita 10 la mawe yenye upana unaozidi nusu inchi huzuia upepo kuigusa ardhi, na nafasi kubwa kati ya mawe hukatiza njia ya maji ya chumvi yanayopanda kutoka chini. Ukitandika kitambaa cha ujenzi chini yake ili mawe yasizame, unene unaweza kupunguzwa hadi sentimita 5. Gharama ya kuyachimba na kuyasafirisha ni kubwa, na mchanga wa kipande jirani ambacho hakijadhibitiwa huweza kuyajaza.

Mimea huchukua miaka. Nyasi inayostahimili chumvi, Distichlis spicata, humwagiliwa kwa matone kupitia mirija iliyofukiwa, na lazima kuwe na mitaro ya chini ya ardhi ya kuondoa maji ya chumvi, la sivyo chumvi hurudi kwenye mizizi. Kwenye vilima vya mchanga karibu na kijiji cha Keeler yalipangwa marobota ya majani makavu ili kuvunja nguvu ya upepo, na vichaka vya asili vikapandwa kwenye kivuli chake.

Mafuriko ya kina kifupi hubaki kuwa njia ya uhakika kwa maeneo mabaya zaidi, na ndiyo inayokula maji. Kanuni ya Owens ilikuwa kulowesha asilimia 75 ya eneo, si eneo lote, kwa kuwa visiwa vikavu vilivyobaki ni vifupi mno kwa mchanga kupata mwendo. Uokoaji hupatikana katika mpangilio. Sawazisha ardhi na uigawe kwa kingo ndogo, ili maji yasikusanyike kwenye kina upande mmoja huku upande mwingine ukikauka. Yakusanye maji yanayofika mwisho na uyarudishe juu kwa pampu. Funga maji nje ya msimu wa vumbi, ambao Owens huhesabiwa kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwisho wa Juni, kwani joto la kiangazi huyageuza mvuke bure. Vipande ambavyo ramani inaonyesha vilitulia mwanzoni au mwishoni mwa msimu vifunguliwe kwa kuchelewa au vifungwe mapema. Mahali pengine maji mazito ya chumvi huachwa yaunde ganda nene lenye unyevu, ambalo huhitaji kuongezewa maji kidogo tu.

Kabla ya kupunguza maji popote, angalia ni nani ameanza kuyategemea. Maelfu ya ndege wa ufukweni sasa hula nzi wa chumvi kwenye madimbwi ya Owens, na wengine hutaga kando yake; vivyo hivyo, kabla tingatinga halijaingia, wazee wa jamii za Paiute na Shoshone waulizwe, kwani mababu zao waliishi kwenye kingo za ziwa hilo na athari zao bado zimo ardhini. Kisha vipima hewa viwekwe kwenye makazi yaliyo kando ya ziwa, ambapo kiwango cha taifa ni mikrogramu 150 kwa mita ya ujazo kwa saa 24. Kikivukwa, rejea kwenye mirija ya mchanga, tafuta kipande kilichovuja, na ufungue maji ya kipande hicho pekee.